Nukta za kaboni: mwanga unaotoka kwenye ganda la ndizi

Ukiiweka noti halali ya dola 20 chini ya taa ya zambarau, ile ya kukagulia pesa, uzi mwembamba uliofichwa ndani yake unawaka kijani. Uzi huo hauna moto wala betri. Unapokea mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Tabia hiyo inaitwa fluoresensi. Mwanasayansi mmoja wa Cambridge, George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeipa jina mwaka 1852, na kati ya vitu alivyovichunguza kulikuwa na kwinini, dawa chungu ya malaria inayotoka kwenye magome ya mti ambao sisi wa Bukavu tunaujua kwa sura, maana umepandwa kwenye vilima vya Kivu tangu enzi za Wabelgiji. Kwinini ikiyeyushwa kwenye maji yenye asidi na kumulikwa na taa ile, hung'aa buluu. Tutarudi kwake.

Nukta za kaboni ni chembe zenye tabia hiyohiyo, ila zimejengwa hasa kwa kaboni, na kwa kawaida upana wake hauzidi nanomita 10. Gawanya milimita moja mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Zilionekana mwaka 2004 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha South Carolina. Watafiti walikuwa wakisafisha mirija midogo mno ya kaboni iliyotokana na masizi, na uchafu waliokuwa wakiutenga ndio uliowaka. Miaka miwili baadaye kundi la Ya-Ping Sun, katika Chuo Kikuu cha Clemson, likazipa jina zinalolitumia hadi leo.

Taka za mimea zinaingiaje hapa? Ganda la ndizi, makapi ya kahawa, maganda ya mihogo: kwa mkemia vyote hivi ni sukari zilizofungamana kwa minyororo mirefu, pamoja na protini kidogo. Wengi wakisikia kaboni wanawaza makaa, yaani makala kama tunavyosema huku kwetu. Lakini makaa hayang'ai chini ya taa ya urujuanimno, kwa sababu yameungua kupita kiasi na vipande vyake ni vikubwa. Kinachotakiwa ni kuunguza nusu, tena ndani ya maji. Maganda yakishakaushwa na kusagwa, unga wake unatiwa maji na kufungiwa ndani ya chombo cha chuma chenye ngozi ya tefloni, kisha chombo kinakaa kwenye tanuri la nyuzi 180 au 200 za selsiasi kwa saa kadhaa. Sufuria ya presha ya jikoni inaishia karibu nyuzi 120, kwa hiyo haifai, na kuilazimisha ni hatari ya kuuawa na mlipuko. Ndani ya chombo minyororo ya sukari inakatika, vipande vinapoteza maji na kushikana upya kuwa vijipunje vya kaboni, huku juu yake vikibaki vikundi vya oksijeni vinavyovifanya viyeyuke majini. Naitrojeni ya protini, ikiwepo, mara nyingi huongeza mng'ao. Upikaji huu wote ni ndugu wa kile kinachotokea sukari inapogeuka kahawia kikaangoni. Chembe za namna hii zimekutwa hata kwenye mkate.

Zinafaa kwa nini? Kwa kuona ndani ya seli. Seli ikiachwa kwenye maji yenye nukta hizi, utando wake wa nje hujikunja na kuzimeza, na chini ya darubini ya fluoresensi mtafiti anaona zilikokwenda. Kabla yake zilikuwepo nukta za kwanta, chembe nyingine zing'aazo za nanomita chache tu, zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, lakini nyingi kati ya hizo zina kadimi, na kadimi ni metali yenye sumu. Kaboni haina mzigo huo. Ndiyo maana zinanivutia hivi: kitu kinachooza pembeni mwa soko la Kadutu, hapa Bukavu, kina malighafi ya kutazamia uhai.

Rangi ndiyo inayosumbua. Nukta nyingi za mimea hung'aa buluu, na seli zenyewe zina mng'ao wa buluu wa asili, basi huwezi kujua unachokiona ni kipi. Tena nyama ya mwili huumeza mwanga wa buluu. Weka tochi nyuma ya vidole vyako gizani: mwanga unaopenya ni mwekundu peke yake. Kuna wanaochemsha majani mabichi kupata nukta nyekundu, lakini mara nyingine wekundu huo ni wa klorofili iliyobaki, ile iliyolipa jani ukijani wake.

Kwinini sasa. Maabara nyingi duniani zikitaka kujua nukta zao zinang'aa kiasi gani, huzilinganisha na salfeti ya kwinini, ambayo ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hurudisha chembe za mwanga karibu 54 katika kila 100 ilizozimeza. Nukta nyingi za maganda matupu hazifiki hapo hata kidogo. Na hata zinazofika zinahitaji kuhojiwa, kwa kuwa upikaji huzaa pia molekuli ndogondogo zinazong'aa zenyewe bila kuwa nukta. Kwa hiyo supu ile ya kahawia huchujwa, kisha hutiwa kwenye mfuko wenye vitundu vidogo mno na kuzamishwa ndani ya maji safi siku moja au mbili, maji yakibadilishwa kila mara. Molekuli ndogo hutoka, nukta hubaki. Kabla ya kuyamwaga maji hayo ya nje, yamulike kwa taa ya zambarau. Yakiwaka kuliko kilichobaki mfukoni, mng'ao uliokufurahisha haukuwa wa nukta.