Usinioshee injini kabla sijaikagua

Wenye ndege wengi hunifanyia hisani inayonitia tabu: wanaosha injini kwanza, ndipo wanaileta kwenye ukaguzi. Inafika inang'aa kama sahani ya wageni, na mimi ushahidi umeshanipotea. Kwenye mfumo wa moshi, uchafu ndio unaosema. Bomba linalovuja huacha mchirizi, wa kijivu kilichofifia kama majivu au mweusi wa masizi, na pale mchirizi unapoanzia ndipo panapovuja. Ukishasuguliwa kwa sabuni, nabaki kupapasa.

Navua kava la injini, nashika tochi na kioo kidogo cha mkono, na kwa dakika kadhaa sigusi kitu. Naanzia pale bomba linapofungwa kwenye silinda. Gasketi, kile kibati cha kuziba maungio, ikilegea hapo, moshi wenye joto la nyuzi 700 na zaidi za Selsiasi hupenya na kuanza kula uso wa silinda yenyewe, na kazi ya kubadilisha gasketi inageuka kazi ya kung'oa silinda. Natazama pia waya za plagi na mipira ya mafuta iliyo jirani. Kama kuna mpira uliobabuka upande mmoja tu, hauko bure; kuna tundu linaloupulizia.

Kutoka hapo nafuata bomba hadi mwisho, nikikawia kwenye maungio ya kuchomelea na chini ya klampu, maana nyufa hupenda kuzaliwa huko. Vipo pia viungo vya kuteleza, bomba moja likiingia ndani ya jingine. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo kiungo kimeachiwa nafasi ya kucheza. Nakitikisa kwa mkono injini ikiwa baridi. Kikiwa kimeganda, bomba litatafuta pa kupumulia, na litapasuka mahali pengine.

Ila mahali ninapotumia muda mwingi kuliko pote ni kwenye mafla, lile kopo la kupunguza kelele ambamo moshi hupita kabla ya kutoka nje. Katika ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, mafla imevishwa koti la bati. Hewa safi inapita kati ya koti na mafla, inapata joto, kisha inapelekwa kabini kuwapasha abiria. Kati ya hewa hiyo na moshi wa injini kuna bati jembamba tu. Likipasuka, joto linaingia kabini pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Januari 2019 ndege ya Piper Malibu iliyokuwa imembeba mchezaji wa soka Emiliano Sala kutoka Nantes kwenda Cardiff ilianguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini katika damu ya Sala imeshikwa na gesi hiyo.

Ufa wa namna hiyo huuoni mpaka uvue koti. Niliwahi kupokea ndege ambayo daftari lake lilionyesha ukaguzi wa kila mwaka bila kuruka hata mmoja. Nilipoinama kufungua koti, nikakuta vichwa vya skrubu bado vina rangi iliyojaa kwenye mifereji, haijakwaruzwa hata kidogo. Bisibisi haikuwahi kugusa pale tangu ndege ipakwe rangi. Koti lilipotoka, upande wake wa ndani ulikuwa na unga wa kijivu, na kwenye mafla kulikuwa na ufa wa urefu wa pingili ya kidole, umefuata ukingo wa mchomeleo. Mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba safari za asubuhi zenye baridi humpa kichwa kuuma, akidhani ni usingizi haujamtosha.

Jicho lisiporidhika, naingiza hewa. Mashine ya kufyonza vumbi, ukigeuza mpira upande wa kupuliza na kuuziba vizuri kwenye mdomo wa bomba, inatosha kabisa. Kisha napaka maji ya sabuni kila mahali. Povu dogo kwenye kiungo cha kuteleza naweza kulivumilia. Kwenye mafla au kwenye mchomeleo, hata tone moja silikubali, sehemu inatoka. Kuzibaziba kwa kiraka sifanyi. Chuma kilichokonda kwa moto hakishiki mchomeleo, kwa hiyo mafla inakwenda kwa karakana yenye kibali, au inanunuliwa mpya.

Tumboni mwa baadhi ya mafla mna vibati vya kupunguza kelele. Vikimeguka vinaweza kwenda kuziba njia ya kutokea, na injini ikakosa nguvu ndege ikiwa ndiyo kwanza inapaa. Mulika ndani kwa tochi, kisha gonga mafla taratibu kwa nyundo ya mpira usikilize kama kuna kinachocheza.

Wanafunzi wangu hucheka ninapowanyang'anya penseli. Sifanyi mzaha. Alama ya penseli au mkwaruzo wa kifaa kilichopakwa zinki, chuma kikipata moto, hunywewa na chuma chenyewe, kikadhoofika papo hapo, na ufa ukafuata mstari ule ule uliouchora. Tumieni chaki.

Kwa marubani, kile kikadi cha kuonyesha kaboni monoksidi, chenye doa linalobadilika rangi, sikipendi. Gesi hii inapumbaza kwanza, na aliyekwisha kupumbaa hatazami kadi. Nunueni kipimo cha umeme kinachopiga kelele.

Nikishafunga kila kitu kwa gasketi mpya, nawasha injini mpaka ipate moto sawasawa, naizima, naiacha ipoe hadi niweze kuweka kiganja juu ya bomba. Hapo narudi na spana ya kipimo kwenye nati za silinda. Gasketi mpya hukaa chini kidogo baada ya moto wa kwanza, na karibu kila mara napata nati mbili tatu zinazokubali kuzunguka tena.