Ngano za Ulaya hazikutiwa giza jana

Kila kinapotoka kitabu au filamu inayowakutanisha Cinderella, Rapunzel na yule binti wa kofia nyekundu kwenye msitu mmoja wenye damu, lawama ni zilezile: wameharibu hadithi za watoto. Wengi wanaolalamika walizijua ngano hizi kupitia katuni za Disney.

Dhana: Ukatili umeongezwa na waandishi wa leo.
Waliukuta. Katika toleo la kwanza la kitabu cha ngano cha ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, lililotoka Berlin mwaka 1812, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa mwaka 1819. Wasidhani pia kwamba ndugu hao walikuwa wakipunguza makali tu. Walichokionea haya ni mimba: Rapunzel wa 1812 anashangaa kwa nini nguo zinambana, na swali hilo likafutwa baadaye. Damu haikuwasumbua. Njiwa wanaowadonoa macho dada wa Cinderella hawakuwemo mwanzoni, waliongezwa mwaka uleule wa 1819.

Dhana: Basi zilikuwa za watu wazima.
Mwaka 1825 walitoa kitabu kidogo cha ngano 50 walizowachagulia watoto. Snow White alikuwemo, na malkia wake anacheza hadi kufa ndani ya viatu vya chuma vya moto.

Dhana: Zamani hadithi iliishia harusini.
Mfaransa Charles Perrault, mwaka 1697, anamwamsha binti aliyelala miaka 100, anamwoza, kisha anaendelea. Mama mkwe ni zimwi. Mwanawe anapokwenda vitani, anamwagiza mpishi amchinjie wajukuu mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza anamtaka kwa mchuzi wa vitunguu na haradali. (Mchuzi huo ndio unaonitisha kuliko meno yake.) Mpishi anampikia mwanakondoo na kumficha mtoto.

Dhana: Kuunganisha ngano ni mtindo mpya.
Tazama kofia nyekundu. Kwa Perrault, mbwa mwitu anamla binti na hadithi imekwisha. Kwa Grimm anapasuliwa tumbo, binti na bibi wanatoka wazima, na tumbo linajazwa mawe. Mawe hayohayo yamo tumboni mwa mbwa mwitu aliyewala wana-mbuzi saba, ndani ya kitabu hichohicho. Msimulizi yeyote mzuri huchomoa kipande huku akakipachika kule.

Kilicho kipya kweli, kwa maoni yangu, ni mhusika kudaiwa hesabu ya alichotenda. Katika *Into the Woods*, mchezo wa nyimbo wa Stephen Sondheim na James Lapine uliofika Broadway, New York, mwaka 1987, yumo Jack, kijana wa ngano ya mharagwe mrefu hadi mawinguni: anaukwea, anaiba na kumuua jitu. Sehemu ya pili, mke wa jitu anashuka kumtafuta, na wanaokufa si wenye hatia peke yao. Swali la wizi wa Jack halikuanzia hapo. Benjamin Tabart, alipochapisha ngano hiyo London mwaka 1807, alimleta mwanamke mwenye nguvu za ajabu amweleze kijana kwamba jitu ndilo lililomuua na kumwibia baba yake. Tabart alimtafutia Jack udhuru. Sondheim na Lapine wakamnyang'anya.