Je, Wajua Kwa Nini Wachezaji wa Dungeons & Dragons Hugombania Picha?

Waketishe wachezaji wanne wa Dungeons & Dragons meza moja, waulize ni mchoraji gani aliyelipatia joka kuliko wote, halafu usahau kucheza usiku huo. Huyu atataka wino mweusi, mistari ya kalamu na pango la giza totoro. Yule atataka rangi za mafuta, magamba yanayometameta. Wa tatu atasema hao wote wazee. Ni watu wazima, wana kazi na watoto, na wanabishania picha za kitabu cha kanuni.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu hukaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, labda mwizi, mchawi au askari. Mmoja wao husimulia ulimwengu na kuwauliza wenzake, "Mnafanyaje?" Dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Kinachoonekana mezani ni karatasi, penseli na hizo dadu. Mengine yote huenda kwa maneno, kama mpira wa redioni. Mtangazaji anasema "shuti kali!" na kila msikilizaji anaona goli lake. Sasa mpe kila msikilizaji picha moja ileile aitazame kabla ya mechi. Picha hiyo itatawala kila goli atakaloliona baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya mchoro katika vitabu hivi, na ndiyo sababu hakuna anayeuchukulia kama pambo.

Mchezo huu waliutoa Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, kupitia kampuni changa ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, nchini Marekani. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Pesa ya wachoraji mahiri haikuwapo, kwa hiyo wakachora vijana waliokuwa karibu, na baadhi ya picha zilifuatishwa waziwazi kutoka katuni za Marvel. Askari mwenye farasi aliyesimamia miguu ya nyuma, yule wa kwenye boksi, ana pacha wake ndani ya gazeti la katuni la Strange Tales.

Hata viumbe vyenyewe vilianzia mahali pa ajabu. Gygax alikuwa na vinyago vya plastiki vya bei chee kutoka Hong Kong, vilivyouzwa kwa pakiti kama wanyama wa kale ingawa havikufanana na mnyama yeyote aliyewahi kuishi. Kimoja akakifanya dubu mwenye kichwa cha bundi. Kingine, chenye mkia kama panga la feni, kikawa mdudu anayegusa upanga wako ukageuka kutu papo hapo. Sanamu ya dukani ilitangulia, hadithi ikafuata.

Na wino mweusi je? Huo ulichaguliwa na pochi. Mashine ya kuchapia ya ofseti huhitaji bamba moja kwa kila wino: picha ya rangi kamili inataka mabamba manne, picha nyeusi moja tu. Hata kijivu hakipatikani bure, maana hutengenezwa kwa nukta ndogondogo, na kwenye karatasi duni nukta huvimba na kuungana zikawa doa. Mchoraji akalazimika kutengeneza kivuli kwa mkono, mstari juu ya mstari, ikizidi kusongamana ndivyo giza linavyozidi. Ukiufanya ufundi huo vizuri, kona ya chumba inakuwa nyeusi kabisa na mtazamaji anaanza kujiuliza mna nini mle. Umaskini ulizaa pango zuri kuliko ambalo pesa ingenunua. Nakiri hapa mimi ni wa upande wa wino.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote ina rangi. Ni jalada la Players Handbook, kitabu cha kanuni cha wachezaji, la 1978, lililochorwa na David Trampier. Sanamu kubwa ya shetani imechuchumaa, nyekundu, mbele yake moto unawaka. Wezi wawili wamepanda kichwani wanachokonoa kito cha jicho. Chini, mizoga ya watu-mijusi. Mtu mmoja anafuta upanga. Wengine wameinamia ramani. Tazama kisichokuwapo: vita. Vita imekwisha kabla hujafika. Waliobaki wana uchovu na tamaa, wanafanya shughuli zao kama wafanyakazi wa zamu ya usiku, na hakuna hata mmoja anayekutazama wewe. Mtoto aliyelifungua jalada lile hakuhitaji kusoma kanuni ili ajue mchezo unahusu nini: ingia, toka hai, na kile kito usikiache.

Miaka mitano tu baadaye hali imebadilika. TSR ina pesa, imeajiri wachoraji waliosomea, miongoni mwao Larry Elmore, Jeff Easley, Clyde Caldwell na Keith Parkinson. Boksi jekundu la mchezo huo, la 1983, lina mchoro wa Elmore: joka jekundu juu ya hazina, na askari mmoja mwenye upanga anaikabili midomo yake. Ni mchoro safi sana, misuli ni misuli kweli. Ila wezi wa Trampier wametoweka. Aliyekuja badala yao ni shujaa, na shujaa haibi jicho la sanamu. Aliyeanza kucheza na boksi lile alikuja mezani akitaka kuokoa falme, na vitabu vya miaka ile vikamfuata.

Toleo la tatu la mchezo, la mwaka 2000, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast iliyoinunua TSR mwaka 1997, lilileta mtindo mwingine: mikanda juu ya mikanda, vifungo, miiba mabegani. Kuna wanaoucheka mpaka leo. Mimi naona ulikuwa wa kweli kwa toleo lake, kwa sababu kanuni zenyewe zilikuwa za kuunganisha kipande na kipande, na yule mhusika alionekana kama karatasi yake ya sifa, iliyojaa nyongeza. Toleo la tano, 2014, likaweka mwanamke Mweusi mwenye silaha kuwa mfano wa binadamu, hatua ambayo wengi waliisubiri muda mrefu. Toleo hilohilo likachora halfling, jamii ya watu wafupi ya mchezo huu, wakiwa na vichwa vikubwa na miguu kama ya mwanasesere. Hapo hata wachezaji wasioelewana kwa lolote walielewana.

Usidhani basi ni suala la umri, kwamba kila mtu hupenda alichokiona akiwa na miaka 12. Hilo lina nguvu yake, ila halitoshi. Mörk Borg, mchezo wa Kiswidi wa aina hiyohiyo wa Pelle Nilsson na Johan Nohr, ulitoka mwaka 2020 ukiwa wa manjano ya kuumiza macho, wino uliomwagika na herufi zinazokupigia kelele, na uliwapata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa boksi jekundu. Ulimwengu wake unakaribia mwisho, wahusika wake hufa ovyo. Uchore ulimwengu huo kwa mkono wa Elmore uone kama kuna atakayekubali kufa kijinga kiasi hicho.

Kwa hiyo wale wanne wanaobishana mezani hawabishani juu ya joka. Aliyetaka wino anataka kuogopa kona ya chumba, aliyetaka rangi za mafuta anataka kushinda. Mwongoza mchezo, yule msimulizi, akiwa na akili huitazama picha wanayoipenda wachezaji wake kabla hajaandaa lolote.

Trampier mwenyewe aliacha kuchora mwishoni mwa miaka ya 1980, akapotea kabisa kwa wenzake wa kazi. Alikuja kugundulika miaka mingi baadaye huko Carbondale, Illinois, akiendesha teksi. Alifariki mwaka 2014. Ile sanamu yake bado wachoraji wa vitabu vidogo vya michezo hii wanaichora upya, na karibu kila mara kuna mtu kapanda kichwani na kitu chenye ncha.