Hoost alipigwa na Sapp mara mbili, na ubingwa akachukua Hoost

Juzi baada ya mazoezi dogo mmoja kaniletea simu, yuko kwenye matokeo ya K-1, lile shindano la ngumi na mateke, ya mwaka 2002, anauliza, "Kocha, hii imekosewa au? Hoost kapigwa na Bob Sapp mwezi wa kumi, kapigwa tena na Bob Sapp mwezi wa kumi na mbili, halafu bingwa ni Hoost?" Nikamwambia haijakosewa, kaa chini. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kuzima taa, kwahiyo nimeona bora niandike maana hili swali huwa linarudi kila mwaka.

Kwanza huu mfumo wenyewe. K-1 ilianzishwa na Kazuyoshi Ishii, mwalimu wa karate wa shule ya Seidokaikan kule Japani, na shindano kuu la kwanza likafanyika Tokyo tarehe 30 Aprili 1993. Watu 8, usiku mmoja. Ukitaka ubingwa unapigana mara 3 kabla hujaenda kulala: robo, nusu, fainali. Hakuna kusema nitajiuguza wiki mbili nirudi. Kwahiyo matokeo ya namna hii usiyasome kama ya ligi, kwamba A kampiga B basi A ni mkali kuliko B. Mi huwa naanza na swali moja tu, huyu mtu amefika fainali na nini mwilini?

Mfano mzuri ni huyohuyo Ernesto Hoost, Mholanzi, mwaka huo wa 1993. Robo fainali kapangiwa Peter Aerts, Mholanzi mwenzake, wakaenda mpaka mwisho akashinda kwa pointi. Nusu fainali akamlaza Maurice Smith kwa teke la kichwa, ila ilikuwa raundi ya 3, yaani ni kazi nyingine nzito hiyo. Upande wa pili kuna Branko Cikatić wa Kroatia, mzee wa miaka 38, ambaye robo yake alimaliza raundi ya 1 tu na Changpuek wa Thailand, mtu mdogo kwake kabisa. Nusu na Satake, Mjapani, ikamfikisha raundi ya 3, sawa, lakini mkono ulikuwa bado mzito. Fainali Hoost kalala raundi ya kwanza. Upangaji wa robo fainali ulishamla Hoost nguvu kabla kengele ya fainali haijalia.

Sasa turudi 2002. Tarehe 5 Oktoba pale Saitama, Hoost anakutana na Bob Sapp, Mmarekani aliyetoka kwenye mpira wa miguu wa kwao, ule wa makofia magumu, lijitu la zaidi ya kilo 150 wakati Hoost ni 100 na kidogo. Sapp hakuwa fundi, tuseme ukweli, alikuwa anakuja kama roli lililokatika breki, na fundi wa mahesabu kama Hoost anahitaji nafasi ya kupiga hesabu, ile nafasi hakuipata. Raundi ya 1 Hoost kachanika, pambano likasimamishwa. Ametoka kwenye shindano.

Ila Semmy Schilt, mmoja wa waliofuzu, akaumia, nafasi ikabaki wazi, Hoost akarudishwa. Na robo fainali tarehe 7 Desemba, Tokyo Dome, anapangwa na nani? Sapp! Kapigwa tena, raundi ya 2, TKO, yaani pambano limesimamishwa kabla ya muda kuisha. Kwa mtu wa kawaida stori inaishia hapo.

Haikuishia. Sapp alivunjika mkono kwenye kupiga kulekule, hawezi kuendelea, na kanuni zinaruhusu aliyepigwa arudi kuziba pengo. Wapo wanaosema huo ni ubingwa wa mlango wa nyuma. Mi sikubaliani, maana kuishi mpaka mwisho wa usiku ndo shindano lenyewe, na kupiga bila kuvunja mkono wako ni ufundi pia, muulize bondia yeyote aliyewahi kugonga paji la uso.

Nusu fainali Hoost na Ray Sefo, raundi ya 1 imeisha, mguu wa Sefo umekataa. Sasa piga hesabu na mimi: Hoost usiku ule alikuwa hajafikisha raundi 3 kamili, pamoja na kipigo cha Sapp. Jérôme Le Banner, Mfaransa, anayemsubiri fainali, alishamlaza Musashi halafu akapigana raundi zote 3 na Mark Hunt, bingwa wa 2001, na wanaomjua Hunt wanajua kumpiga ni kama kupiga mbuyu. Yaani aliyepoteza pambano ndo aliyekuja na mafuta mengi kwenye tanki.

Na fainali yenyewe ndo ninayowaonyesha vijana kila mara. Le Banner anasimama kimashoto, mkono wake wa kushoto uko nyuma na ndo wa kuua. Hoost anasimama kawaida, kwahiyo mguu wake wa kulia ukitoka nyuma unatua moja kwa moja upande ule wa kushoto wa Le Banner. Hoost akaanza kupiga teke la ubavuni, la kulia, tena na tena, na Le Banner anakinga kwa mkono. Ukitazama harakaharaka unasema kakinga vizuri. Lakini ugoko ni mfupa mnene na mkono chini ya kiwiko ni mifupa miwili myembamba, ukikinga hivyo mara 10 ni kama unapigwa mara 10. Hoost hakuwa anatafuta mbavu, mkono wenyewe ndo ulikuwa shabaha. Raundi ya 3 mkono ukavunjika, Le Banner akaanza kwenda chini, refa akamaliza. Taji la 4 la Hoost, miaka 37.

Mi mwenyewe niliwahi kumpoteza kijana hivihivi, shindano la watu 4, pambano la kwanza kashinda vizuri tu ila kapiga teke kwenye kiwiko, mguu ukavimba mpaka kinga ya ugoko haiingii, na mi nikamwacha apande fainali. Alidumu sekunde kama 40. Yule dogo wa simu aliposikia hiyo akacheka, halafu akauliza kwanini tunapiga mateke 200 ya kulia kila Jumanne. Nikamwambia washa tena raundi ya 2, usimwangalie Hoost, angalia mkono wa kushoto wa Le Banner.