Gabari ya kunolea bobari: nunua jiwe, mengine chomelea mwenyewe

Mti wa mukula haukubali makali butu. Bobari, yaani patasi yenye mfereji ya kukerezea mbao, ikianza kufa, inaacha kutoa utepe mrefu na kuanza kutoa vumbi jekundu, na ndani ya bakuli mbao inaota manyoya ambayo msasa hauyamalizi.

Hapa karakanani kwetu Katuba, Lubumbashi, kijana ninayemfundisha kukereza alinoa bobari moja mara saba asubuhi moja, kwa mkono mtupu, akikadiria kwa jicho. Mara ya saba akaniletea: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa hapa kwetu), bado inaruka." Nikaigeuza mwangani. Ncha ilikuwa kali kweli, lakini mshazari, yaani ule mteremko ulio nyuma ya makali, ulikuwa na sura nne au tano, kila moja na pembe yake. Bobari inakata ikiwa mshazari umeegemea mbao. Hiyo haikuwa na pa kuegemea. Tena kila aliponoa alikuwa anatafuta pembe upya, na chuma kilikuwa kinaliwa bure. Bobari nzuri ni ghali mno kuliwa na jiwe.

Dawa yake ni gabari. Ni mkono unaoibana bobari na kuizungusha mbele ya jiwe katika njia ileile kila siku. Wanaouza zilizo tayari wapo: Wolverine ya kampuni ya Oneway ya Kanada ndiyo iliyoigwa sana, na Tormek ya Sweden ina jiwe lake la maji linalozunguka taratibu, kama mara 90 kwa dakika, kwa hiyo chuma hakiungui kabisa. Ni vifaa vizuri, sina neno baya juu yake. Lakini ukiongeza usafiri na ushuru mpaka kikufikie Lubumbashi, fedha hiyo naona afadhali uiweke kwenye jiwe.

Na hapa nasisitiza. Jiwe la kijivu linalokuja na mashine ya kunolea ni gumu mno kwa kazi yetu: linaziba, linang'aa, kisha linaunguza. Tafuta jeupe la alumini oksaidi, chembe 80, daraja la ugumu J au K, pamoja na kifaa cha almasi cha kulisafisha na kulinyoosha. Mashine nyingi zinazouzwa hapa zinazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika kwa umeme wetu wa hezi 50. Jiwe la milimita 150 kwa mwendo huo, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo kabla ya kulifunga, litundike kwenye kidole na uligonge kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima linalia kama kikombe cha udongo. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na hilo usilifunge hata kama umelilipia jana. Miwani uvae daima.

Sasa gabari yenyewe. Chini ya mashine funga bomba la mraba la milimita 30, na ndani yake lipite la milimita 25. Kabla hujachomelea chochote, pitisha tupa kwenye mshono wa ndani wa bomba kubwa, la sivyo dogo litakwama nusu njia. Juu ya bomba kubwa chomelea nati na uweke bolti ya kukaza. Kwenye ncha ya bomba dogo chomelea kipande cha chuma cha pembe kilichosimama kama herufi V: hiyo ndiyo pochi. Mkono unaoshika bobari ni kipande kifupi cha bomba chenye bolti ya kubana, na chini ya bolti weka kibamba cha shaba, ambacho katika mji huu hakikosekani, ili bolti isitafune bobari. Kisha mguu wa nondo ya milimita 12, ncha yake imeviringwa, unaokaa ndani ya pochi. Mguu huo usiuchomelee, ufunge kwa bolti. Ukibadilisha mlalo wake, mabawa ya bobari, yaani makali ya pande zake mbili, yanabadilika umbo, na utataka kufanya hivyo siku moja.

Kazi ya kuchomelea haihitaji uzuri. Kinachohitaji uaminifu ni vipimo vitatu: bobari inatokeza kiasi gani mbele ya mkono, pochi iko umbali gani na jiwe, na mguu umelala kiasi gani. Mimi natokeza milimita 45, na sipimi kwa rula. Nina kipande cha mbao chenye tundu la kina hicho, nasukuma bobari mpaka igonge mwisho, nakaza. Ya bakuli nainoa digrii 55, ya miguu ya viti na vitanda digrii 35 hivi. Patasi bapa haina haja na gabari hii, kiegemeo bapa kinatosha.

Wanaotumia patasi za wahunzi zilizofuliwa kwa springi za lori waguse jiwe kidogokidogo. Chuma hicho kikigeuka buluu, ugumu wake umeondoka, ukate hapo mpaka upate chuma kizima. Chuma cha HSS, kile cha patasi za kiwandani kinachostahimili joto, hakidhuriki na rangi hiyo, ila usikitumbukize majini kikiwa moto sana, kinaweza kupata nyufa ndogo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: jiwe linaisha. Likishuka kutoka milimita 150 hadi 130 huku pochi iko palepale, pembe inazidi kuwa butu, na utadhani gabari imeharibika. Sogeza pochi karibu na jiwe. Kujua kiasi gani, paka mshazari wote wino wa kalamu nene, zungusha jiwe kwa mkono huku umeme umezimwa, kisha tazama. Wino ukifutika karibu na makali tu, pochi iko mbali. Ukifutika kisiginoni tu, yaani mwisho wa mshazari ulio mbali na makali, iko karibu mno. Ukifutika kote, kaza bolti na uwashe.