Vilengeo vya Sharps na pesa zako: dhana zinazowapoteza wanunuzi

Mtu akiamua kununua Sharps ya 1874 iliyotengenezwa upya, ile bunduki ya baruti nyeusi (baruti ya kizamani, yenye moshi mwingi) ya wawindaji wa nyati wa Marekani, pesa karibu zote huishia kwenye bunduki yenyewe: chuma chenye nakshi, kitako cha mti wa jozi, mtutu mrefu wa kupendeza. Vilengeo anakuja kuvifikiria baadaye, kwa chenji iliyobaki. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Mitutu inayotoka Italia leo, kwa Pedersoli au Uberti, inaweza kupiga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga. Kinachoamua ni kile kilicho kati ya jicho na shabaha.

“Bunduki za baruti nyeusi hazina shabaha ya maana, kilengeo chochote kinatosha”

Tarehe 26 Septemba 1874, huko Creedmoor, Long Island, timu ya Ireland ilikutana na ya Marekani. Waairishi walishika bunduki za Rigby za kushindilia kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kupakia nyuma. Watu sita kila upande, risasi 15 kwa kila mmoja katika yadi 800, kisha 900, kisha 1,000. Mwairishi J. K. Milner alipiga katikati kabisa ya shabaha, ila ilikuwa shabaha ya jirani, na alama zake nne zikafutwa. Risasi ya mwisho ya siku ilimwangukia John Bodine, mkono wake ukivuja damu baada ya kukatwa na chupa iliyopasuka. Akalala, akalenga, akapiga katikati. Marekani 934, Ireland 931.

Yadi 1,000 ni mita 914, na hakuna aliyetumia darubini. Walikuwa na kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo kwenye nguzo iliyopimwa kwa vernia (skeli ya kusomea vipimo vidogo sana), na mbele kimviringo chenye kipande cha kulengea ndani yake. Vifaa hivyohivyo vinauzwa leo.

“Kilichokuja na bunduki kinatosha”

Kinatosha kupiga kopo mita 50. Sharps nyingi za bei ya kawaida huja na kilengeo cha nyuma chenye mfereji, kando zake zimepindwa kama pembe, na mbele kijibamba chembamba. Hapo jicho linatakiwa lione vitu vitatu vilivyo mbali tofauti kwa wakati mmoja: mfereji, kijibamba na shabaha. Kijana wa miaka 20 anaweza. Aliyevuka 45 hawezi, na si kosa lake. Lenzi ya jicho huwa imeshakuwa ngumu.

Tundu linaondoa kazi moja kati ya hizo tatu. Hulitazami, unatazama kupitia kwake, na jicho lenyewe hutafuta katikati bila kuambiwa. Udogo wa tundu pia hukaza taswira, ndiyo maana watu wa miwani hushangaa siku ya kwanza. Nunua chenye kikombe cha Hadley, yaani kisahani cha kuzungusha chenye matundu ya ukubwa mbalimbali, kwa sababu mwanga wa saa mbili asubuhi si mwanga wa saa saba mchana.

Mbele nako kuna uchaguzi unaogharimu kidogo na kusaidia sana. Vipande vya ndani ya kimviringo hubadilishwa: kwa shabaha nyeusi ya duara weka pete inayoacha ukanda mweupe wa kutosha kuizunguka, kwa shabaha za chuma zenye umbo la mnyama weka kijiti. Pete inayobana sana duara jeusi hukudanganya, maana huoni tena kama umetoka katikati.

“Nguzo ndefu ndiyo bora, na kipimamaji hakikosi kusaidia”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tupige hesabu. Kutoka tundu la nyuma hadi kimviringo cha mbele, kwenye mtutu mrefu, kuna kama sentimita 87. Kwa urefu huo, kupandisha tundu robo ya milimita ni sawa na dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), na dakika moja ni sentimita 2.9 kwenye mita 100. Risasi nzito ya .45-70 (jina la aina ya risasi inayotumika sana kwenye Sharps hizi) inayoenda yadi 1,000 inataka mtutu uinuliwe karibu digrii tatu, yaani tundu lipande kama sentimita nne na nusu. Kwa kazi hiyo nguzo ndefu haina mbadala.

Lakini wengi wetu hatupigi yadi 1,000. Mashindano ya shabaha za chuma kwa bunduki hizi, yanayojulikana sana huko Raton, New Mexico, yana kuku kwenye mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385 na kondoo dume 500. Nguzo ya masafa ya kati kwa kawaida humfikia yule kondoo, na ni fupi, nyepesi, haigongwi hovyo.

Kipimamaji kidogo kilichowekwa mbele hukuonyesha kama umeinamisha bunduki ubavu. Ukiinamisha digrii moja tu, kwenye yadi 1,000 risasi hukengeuka kama sentimita 80. Kwenye mita 100 hukengeuka chini ya sentimita moja. Kifaa ni kilekile. Kwa mmoja ni lazima, kwa mwingine ni pambo.

“Darubini ni uzushi wa kisasa”

William Malcolm alianza kutengeneza darubini za bunduki huko Syracuse, New York, mwaka 1855. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani baadhi ya walengaji wa Kusini walitumia bunduki za Kiingereza za Whitworth zenye darubini ya Davidson iliyofungwa ubavuni. Kwa hiyo darubini ndefu nyembamba juu ya Sharps si kosa la kihistoria. Tatizo liko kwenye kanuni. Kwenye shabaha za chuma darubini ina daraja lake. Kwenye mashindano ya kimataifa ya bunduki za kushindilia haikubaliwi, na kwa bunduki za kijeshi hata tundu haliruhusiwi, lazima kilengeo kiwe cha asili. Soma kanuni za klabu yako kabla ya kulipa hata senti.

“Rahisi na ghali ni vilevile”

Rudi kwenye ile robo ya milimita. Shika nguzo ya kilengeo cha bei ya chini kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza robo ya milimita tu, umeshapoteza dakika nzima kabla hujalenga: sentimita 27 kwenye yadi 1,000. Ndicho unacholipia kwa mafundi wazuri, mia kadhaa za dola kwa skrubu isiyoteleza na nguzo isiyocheza. Kwa mita 100 hadi 200, cha bei ya kati kilichokazwa vizuri kinatosha, na sioni sababu ya mtu kujiumiza.

“Ni nakala tu, haina sheria kali”

Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya 1968 huihesabu nakala ya kushindilia kama kitu cha kale, si silaha. Sharps ya .45-70 haimo humo, kwa kuwa risasi zake bado zinauzwa madukani; ni silaha kamili. Uingereza hata ya kushindilia inahitaji cheti, na baruti nyeusi ina cheti chake. Tanzania na Kenya, gobore ni silaha mbele ya sheria, na kulimiliki bila kibali ni kosa.

Na jambo moja lisilo na mjadala: baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, haiingii kabisa kwenye bunduki ya kushindilia iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi. Shinikizo lake hupasua mtutu.

“Ukishanunua bunduki, gharama zimekwisha”

Kwa kipimo cha grani 70 (grani ni kipimo kidogo cha uzito), ratili moja ya baruti hutoa risasi 100. Risasi 100 za grani 500 hula zaidi ya kilo tatu za madini ya risasi, pamoja na bati kidogo. Ongeza kalibu, maganda, fataki. Baruti ikisafirishwa hutozwa ada ya bidhaa hatari kwa kila agizo, hivyo watu wa klabu huagiza kwa pamoja. Usafi ndio wa bei nafuu: maji, sabuni, vitambaa, mafuta, siku hiyohiyo, kwani masizi yake huvuta unyevu na kutia kutu.

Nakala ya Italia hugharimu zaidi ya dola 1,000, na zile zinazotengenezwa Marekani, huko Big Timber, Montana, zina bei ya juu zaidi, tena huwa na foleni. Kama mfuko ni mdogo, mimi ningechukua bunduki isiyo na nakshi, hata iliyotumika, nikaweka kando fungu la kilengeo na la risasi za miezi ya mwanzo kabla ya kuulizia bei ya kitu kingine. Kilengeo kizuri kinaweza kuhamia bunduki utakayonunua baadaye. Ila pima kwanza umbali kati ya matundu ya skrubu kwenye ulimi wa chuma nyuma ya nyundo, maana kila mtengenezaji ana kipimo chake, na hakikisha nguzo ikilazwa haizuii nyundo kurudi hadi mwisho.