Je, wajua kwa nini gogo kavu huelea kwenye tangi la samaki, kisha likazama lenyewe?

Gogo la kuokotwa kando ya mto au ufukweni, lililosuguliwa na maji hadi gome lote likatoka, ni pambo zuri mno ndani ya tangi la samaki. Shida yake huonekana siku ya kwanza: unaliweka chini, linaibuka, unalikandamiza, linaibuka tena. Ukiliacha likiloweka kwa wiki kadhaa, linatua chini na halirudi juu tena. Kitu gani kimebadilika?

Jibu la haraka ni kwamba mti ni mwepesi kuliko maji, na ukizama ujue umeanza kuoza. Yote mawili si kweli, na ni vizuri kuyafumua moja moja, maana makosa mengi ya kupanga magogo tangini yanatokana nayo.

Mti umejengwa kwa seli, na kuta za seli hizo ni nzito kuliko maji. Kama ungeweza kuzikusanya kuta peke yake, bila nafasi zilizomo ndani, lita moja ingekuwa na kilo 1.5 hivi, ilhali lita ya maji ni kilo 1. La kushangaza ni kwamba kiasi hicho karibu hakibadiliki kutoka mti mmoja hadi mwingine. Msufi, ambao mbao zake zikikauka hubebeka bila jasho, na mpingo wanaouchonga Wamakonde vimeumbwa kwa kuta za uzito ule ule. Tofauti iko kwenye hewa. Msufi una kuta nyembamba na nafasi pana. Mpingo una kuta nene na nafasi finyu, hata lita moja ya moyo wa mpingo mkavu hufika kilo 1.2. Tumbukiza kipande chake kwenye ndoo ya maji: kinakwenda chini moja kwa moja, bila kulowekwa hata dakika moja.

Na kuoza? Kuoza hula zile kuta zenyewe. Gogo lililooza hubonyea ukilikandamiza kwa kucha, na hilo lisiingie tangini kabisa, kwani litayachafua maji. Kulowa ni jambo jingine. Vasa, meli ya kivita ya Sweden, ilizama mwaka 1628 ikaibuliwa 1961, na mbao zake zilizoshiba maji zilikuwa bado imara kiasi cha meli kuinuliwa ikiwa karibu nzima.

Kwa hiyo gogo huzama pale maji yanapochukua nafasi ya hewa. Chukua sufuria ya alumini uiweke juu ya maji ya beseni. Alumini ni nzito kuliko maji mara 2.7, lakini sufuria tupu huelea kwa sababu imebeba hewa. Iinamishe maji yaingie, itazama, ingawa alumini ni ile ile. Sasa chukulia gogo ni mamilioni ya sufuria ndefu nyembamba sana, nyingi zikiwa na urefu wa milimita moja hivi, zimepangwa zikabanana, na kila moja ina mfuniko wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yanapita kwenye vitundu hivyo, lakini hewa iliyonaswa ndani haina pa kutokea. Inabidi iyeyuke ndani ya maji kidogo kidogo. Ndiyo maana kijiti huzama baada ya siku chache, na gogo nene likakaa wiki nyingi, pengine miezi.

Kuchemsha hufupisha safari hiyo. Joto huitanua hewa ikatoka kwa mapovu, na mvuke huchukua nafasi yake. Maji yanapopoa, mvuke hugeuka maji, na gogo linavuta maji kuziba pengo. Hapa wengi hukosea: huliopoa gogo likiwa bado la moto, nalo likavuta hewa upya. Liache lipoe humo humo, likiwa limekandamizwa chini ya maji.

Kuna jambo la kuogopwa zaidi. Mti ukinywa maji hunenepa, na hunenepa kwa upana; kwa urefu ongezeko ni dogo sana. Unenepaji huo humalizika kuta zinaposhiba, gogo likiwa bado linaelea. Basi usilibane gogo kavu kati ya vioo viwili ili lisiibuke. Litavitanua, na kioo huenda kikapasuka. Jiwe la kulikandamiza kwa juu nalo si salama, kwani gogo likicheza jiwe huteleza. Afadhali ulifunge kwa skrubu ya chuma cha pua kwenye jiwe bapa, jiwe likae chini na kufunikwa mchanga.

Hata likishazama, gogo halijawa zito kama linavyoonekana. La lita 2, lenye kilo 2.2 nje ya maji, hubaki na uzito wa gramu 200 tu likiwa ndani. Samaki wanaochimba mchanga wanaweza kulitikisa, kwa hiyo liguse sakafu ya tangi au jiwe lake, lisisimame juu ya mchanga mtupu. Siku ya kubadilisha maji, kina kikishuka, zile kilo 2 zinarudi ghafla. Gogo lililokuwa limeegemea kioo kwa wepesi sasa linakilalia kwa uzito wake wote.

Rangi ya kahawia itakayotokea majini ni tanini, ile ile iliyomo kwenye chai. Haidhuru samaki, ingawa madai kwamba inatibu maradhi yao ni makubwa kuliko ushahidi wake. Utando mweupe wa wiki za mwanzo ni kuvu na bakteria, hupungua wenyewe. Gogo la baharini lilowekwe kwenye maji yasiyo na chumvi, yanayobadilishwa mara kwa mara hadi chumvi yake iishe. Mnyaa na mtupa usiviguse hata vikiwa vikavu: ndiyo mimea ambayo watu wameitumia tangu zamani kuvulia samaki kwa sumu.